Kanuni Sahili, Mwenendo Changamano: Mifumo Isomstari katika Fizikia na Uchumi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mienendo isomstari, yaani mienendo ambamo ukubwa wa tokeo haulingani na ukubwa wa chanzo chake, katika mifumo ya kimaumbile na ya kiuchumi. Hoja kuu ni kwamba kanuni iliyo sahili kabisa, mradi iwe na mrejesho ndani yake, inaweza kuzaa mwenendo changamano ambao hautabiriki kwa muda mrefu. Na kwamba kutotabirika huko si sawa na kukosa kanuni. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa hesabu ya kidimbwi cha samaki, kwa taaluma ya hali ya hewa, kwa daraja moja la jijini London na kwa mwenendo wa bei sokoni. Sehemu ya mwisho inaonyesha kwamba suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa istilahi mbovu na lugha legevu ya utabiri huweza kumpotosha msikilizaji katika jambo linalogusa maisha yake.

1.0 Utangulizi

Methali za Kiswahili zina namna mbili za kueleza uhusiano uliopo baina ya chanzo na tokeo. Namna ya kwanza ni ile ya kujumlisha. Haba na haba hujaza kibaba; bandu bandu huisha gogo. Katika methali hizi kila haba ina thamani sawa na haba iliyoitangulia, na kila bandu hupunguza gogo kwa kiasi kile kile. Anayejua idadi ya haba anajua pia kibaba kitajaa lini.

Namna ya pili ni tofauti kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ngoma ikilia sana hupasuka. Hapa kidogo hakizai kidogo. Mwiba hauna uzito wowote ukilinganishwa na mguu, lakini ndio unaouvimbisha. Ngoma nayo haipasuki robo kwa pigo la robo: hustahimili mapigo mengi bila kuonyesha dalili, kisha pigo moja lisilozidi yaliyotangulia likaipasua.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba wahenga waliigundua sayansi ya kisasa. Walichofanya ni kuyatazama mambo kwa makini na kuona kwamba hayaendi yote kwa njia moja. Hata hivyo, tofauti hiyo waliyoiona ndiyo mlango mwafaka wa kuingilia mada hii. Mambo ya aina ya kwanza wanahisabati huyaita ya mstari, kwa sababu yakichorwa kwenye grafu hutoa mstari ulionyooka. Ya aina ya pili ni yasomstari. Kwa karne kadhaa sayansi ilijishughulisha zaidi na yale ya kwanza, si kwa sababu ndiyo mengi duniani, bali kwa sababu ndiyo yanayokokotoleka kwa urahisi.

2.0 Sifa za Mfumo Usomstari

Mfumo wa mstari una sifa mbili. Kwanza, chanzo kikiongezwa maradufu, tokeo nalo huongezeka maradufu. Kilo moja ya sukari ikiuzwa kwa bei fulani, kilo mbili zitauzwa kwa mara mbili ya bei hiyo. Pili, matokeo ya vyanzo viwili vikiwa pamoja ni jumla ya matokeo ya kila kimoja kikiwa peke yake. Kutokana na sifa hizi, mfumo wa mstari unaweza kuvunjwavunjwa, kila kipande kikachunguzwa kivyake, kisha majibu yakaunganishwa.

Mfumo usomstari haukubali kuvunjwa hivyo. Vidonge viwili vya dawa huponya maradhi, lakini vidonge ishirini vikimezwa kwa mara moja haviponyi mara kumi zaidi, huenda vikaua. Vivyo hivyo, gari moja likiongezwa katika barabara iliyo tupu halibadilishi chochote, ilhali gari hilo hilo likiongezwa katika barabara inayokaribia kujaa laweza kusababisha msongamano wa saa nzima. Gari ni lile lile. Kilichobadilika ni hali ya mfumo lilimoingia.

Sifa inayozaa mwenendo huu mara nyingi ni mrejesho. Mrejesho ni hali ambapo tokeo hurudi na kuwa chanzo. Uko mrejesho tulizaji, ambao hukirudisha kitu mahali pake, kama jasho linavyoupoza mwili uliopata joto. Uko pia mrejesho chochezi, ambao huzidisha kile kilichokwisha kuanza, kama moto unavyokausha kuni zilizo kando yake na hivyo kujiandalia chakula. Mifumo mingi ya kimaumbile na ya kijamii ina mirejesho ya aina zote mbili ikivutana. Mvutano huo ndio chimbuko la uchangamano.

3.0 Hesabu ya Kidimbwi

Mwaka 1976 mwanasayansi Robert May, mzaliwa wa Australia, alichapisha katika jarida la Nature makala yaliyoonyesha jinsi mlinganyo mfupi unavyoweza kuwa na mwenendo changamano mno. May alipendekeza wanafunzi wafundishwe mlinganyo huo mapema katika masomo yao, kwa kuwa hauhitaji ujuzi wowote zaidi ya kuzidisha na kutoa. Asili yake ya mbali ni kazi ya Mbelgiji Pierre François Verhulst, aliyeandika kuhusu ongezeko la watu mwaka 1838.

Ichukuliwe kwamba kuna kidimbwi chenye samaki. Idadi yao itajwe kwa herufi s, ikiwa ni sehemu ya idadi ya juu kabisa ambayo kidimbwi kinaweza kubeba. Kwa hiyo s ikiwa 0, hakuna samaki. Ikiwa 1, kidimbwi kimejaa kabisa. Idadi ya mwaka unaofuata hupatikana hivi:

s mpya = k × s × (1 − s)

Herufi k huwakilisha kasi ya kuzaana. Mlinganyo una mirejesho miwili. Sehemu ya k × s ni mrejesho chochezi: samaki wakiwa wengi, wazazi huwa wengi. Sehemu ya (1 − s) ni mrejesho tulizaji: samaki wakizidi, chakula hupungua. Hakuna bahati nasibu yoyote humu. Anayejua s ya mwaka huu anaijua kwa hakika ya mwaka ujao.

Kasi k ikiwa 2, kidimbwi ni kitulivu. Kikianza na 0.1, miaka inayofuata huwa 0.18, kisha 0.295, 0.416, 0.486, na hatimaye 0.5, ambapo hutulia. Kikianza na 0.8 hufika pale pale penye 0.5. Hali ya mwanzo husahaulika.

Kasi ikipandishwa hadi 3.2, utulivu huvunjika. Idadi huanza kupokezana kati ya thamani mbili: mwaka mmoja takriban 0.513, mwaka wa pili takriban 0.799, kisha hurudi. Ikipandishwa hadi 3.5, thamani huwa nne. Kila mahali ambapo mzunguko mmoja hugawika kuwa miwili panaweza kuitwa njia panda. Njia panda hizi huja kwa kasi inayozidi: baada ya nne huja nane, kisha kumi na sita, hadi k inapopita takriban 3.57, ambapo kwa thamani nyingi za k mzunguko hautambuliki tena.

Mwaka 1975 Mmarekani Mitchell Feigenbaum, akitumia kikokotoo cha mkononi, aligundua kwamba umbali kati ya njia panda moja na inayofuata hupungua kwa uwiano unaokaribia 4.669. Jambo la ajabu ni kwamba uwiano huo hautokani na kidimbwi peke yake. Huonekana katika milinganyo mingine mingi ya jamii hiyo, na miaka michache baadaye majaribio ya Albert Libchaber nchini Ufaransa, yaliyohusu heliamu ya kimiminika inayopashwa joto, yalionyesha mfululizo wa njia panda wa aina hiyo hiyo. Kumbe mifumo isiyofanana kwa umbo yaweza kufuata njia moja kuelekea kwenye vurugu.

Kasi ikiwa 4, hoja kuu ya makala haya hudhihirika. Hapa vidimbwi viwili vinalinganishwa. Cha kwanza kinaanza na 0.200 na cha pili na 0.201, tofauti yao ni elfu moja tu ya ujazo wa kidimbwi.

Mwaka wa 1: 0.640 na 0.642
Mwaka wa 2: 0.922 na 0.919
Mwaka wa 3: 0.289 na 0.298
Mwaka wa 4: 0.822 na 0.837
Mwaka wa 5: 0.585 na 0.546
Mwaka wa 6: 0.971 na 0.992
Mwaka wa 7: 0.113 na 0.033
Mwaka wa 8: 0.402 na 0.129
Mwaka wa 9: 0.962 na 0.449
Mwaka wa 10: 0.148 na 0.989

Kwa miaka minne au mitano vidimbwi hivi huenda sako kwa bako. Kufikia mwaka wa 10 kimoja kimekaribia kuisha samaki na kingine kimefurika. Mtafiti aliyehesabu samaki akakosea kwa elfu moja tu angetabiri kinyume kabisa cha kilichotokea, ingawa kanuni yake ilikuwa sahihi na hesabu zake hazikuwa na dosari. Tofauti na kidimbwi kitulivu, hali ya mwanzo hapa haisahauliki, hukuzwa. Wataalamu huiita sifa hii wepesi wa kuathiriwa na hali za mwanzo.

4.0 Mifumo ya Kimaumbile

4.1 Sayari na hewa

Dalili ya kwanza ya sifa hiyo ilionekana angani. Mfaransa Henri Poincaré, katika kazi iliyomshindia tuzo ya Mfalme Oscar wa Pili wa Sweden mwaka 1889 na iliyochapishwa mwaka 1890 baada ya kosa kubwa kurekebishwa, alichunguza magimba matatu yanayovutana kwa kani ya mvutano. Kanuni ya Newton ilikuwa wazi. Hata hivyo, Poincaré aliona kwamba njia za magimba hayo zaweza kutatizika kiasi cha kutoweza hata kuchorwa.

Ugunduzi huo ulikaa bila kuendelezwa sana hadi kompyuta ilipokuja. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, alitaka kurudia sehemu ya hesabu zake. Badala ya kuanza mwanzo, aliingiza tarakimu alizozinakili kutoka kwenye karatasi iliyochapishwa na kompyuta. Kompyuta ilihifadhi 0.506127, lakini karatasi ilionyesha 0.506. Alipotoka na kurudi, alikuta hewa ya pili imeachana kabisa na ile ya kwanza. Alidhani mashine imeharibika. Kumbe mashine ilikuwa nzima. Matokeo ya uchunguzi wake yalichapishwa mwaka 1963, na mwaka 1972 alitoa mhadhara ambao kichwa chake kiliuliza kama kupiga mbawa kwa kipepeo nchini Brazili kunaweza kuzusha kimbunga Texas.

Swali hilo limenukuliwa mno na kueleweka vibaya mno. Kipepeo hana nguvu ya kuunda kimbunga; nguvu hiyo hutoka kwenye joto la jua na unyevu wa hewa. Maana ya Lorenz ni kwamba hatuwezi kujua hali ya kila kipepeo, na kwa hiyo hatuwezi kujua hali kamili ya hewa ya leo. Kosa hilo dogo hukua. Ndiyo maana utabiri wa hali ya hewa ya siku mahususi hufikia ukomo wake baada ya takriban wiki mbili, hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani.

4.2 Daraja lililoyumba

Mfano wa pili unahusu mrejesho chochezi. Tarehe 10 Juni 2000 Daraja la Milenia, la waendao kwa miguu juu ya mto Thames jijini London, lilifunguliwa. Umati ulipoanza kuvuka, daraja liliyumba ubavuni. Lilifungwa tarehe 12 Juni.

Wahandisi walijua vyema jinsi ya kukadiria uzito wa watu. Kilichowaponyoka ni namna watu wanavyolijibu daraja. Anayetembea husukuma kidogo kushoto na kulia kwa kila hatua. Daraja likiyumba kidogo sana, mtembeaji hupanua na kurekebisha hatua zake ili asianguke; marekebisho hayo huongeza msukumo; msukumo huongeza kuyumba; na kuyumba huwalazimisha wengine zaidi kurekebisha hatua zao. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba hali hii haikuongezeka polepole kulingana na idadi ya watu. Katika sehemu moja ya daraja, watu zaidi ya 150 walitembea bila tatizo; wachache walipoongezwa, daraja likaanza kuyumba kwa nguvu. Palikuwa na kizingiti. Kabla ya kizingiti hakuna dalili, na baada yake hakuna utulivu. Daraja lilifunguliwa tena mwaka 2002 baada ya kuwekewa vifaa vya kufyonza mtikisiko.

Tiba hiyo ni ya kuzingatiwa. Wahandisi hawakujaribu kutabiri hatua za kila mpita njia. Waliongeza mrejesho tulizaji, ili mtikisiko wowote, utoke popote utokapo, ufe badala ya kukua.

5.0 Mifumo ya Kiuchumi

5.1 Utando wa buibui

Daraja linaonyesha kwamba watu wakiwa sehemu ya mfumo, majibu yao kwa mfumo huo huubadilisha. Soko ni mfumo wa aina hiyo hiyo. Mwaka 1928 Mjerumani Arthur Hanau aliandika kuhusu bei ya nguruwe nchini mwake, ambayo ilipanda na kushuka kwa mzunguko. Miaka michache baadaye wanauchumi, akiwemo Nicholas Kaldor mwaka 1934 na Mordecai Ezekiel mwaka 1938, walifafanua nadharia iliyopewa jina la utando wa buibui kutokana na umbo la mchoro wake.

Msingi wake unajulikana na kila mkulima wa vitunguu au nyanya. Bei ikiwa nzuri msimu huu, wengi hupanda. Mazao yote hufika sokoni wakati mmoja na bei huanguka. Waliopata hasara huacha kupanda, mazao huadimika na bei hupaa. Uamuzi wa leo hutokana na bei ya jana, nao ndio unaounda bei ya kesho.

Ikiwa uhusiano huo ni wa mstari, kuna njia chache tu. Wakulima wakiijibu bei kwa wastani, tofauti ya shilingi 20 juu ya bei ya kawaida hufuatwa na 10 chini, kisha 5 juu, hadi soko litulie. Wakiijibu kwa nguvu, 20 huzaa 40, na 40 huzaa 80. Njia ya kati ni 20 kupokezana na 20 daima. Lakini bei halisi hazitulii, wala hazipai bila kikomo, wala hazijirudii kwa ukamilifu huo. Sababu ni kwamba shamba lina mipaka, mtaji una mipaka, na mkulima ana kumbukumbu. Vitu hivyo huupinda mstari. Katika miaka ya 1990 mwanauchumi Mholanzi Cars Hommes alionyesha kwamba utando wa buibui wenye ugavi usomstari unaweza kuzalisha bei zinazopanda na kushuka bila mpangilio unaojirudia, hata pasipo ukame wala vita. Ni kidimbwi kile kile kikiwa kimevaa nguo za soko.

5.2 Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba 1987

Siku hiyo kipimo cha Dow Jones cha soko la hisa la New York kilianguka kwa pointi 508, sawa na asilimia 22.6. Hakuna habari yoyote ya siku hiyo iliyokuwa na ukubwa unaolingana na anguko hilo. Ripoti ya tume iliyoundwa na Rais wa Marekani ilitaja, miongoni mwa mengine, mbinu iliyokuwa imeenea ya kukinga mali kwa kuuza bei inaposhuka. Kwa mwekezaji mmoja, mbinu hiyo ni ya busara. Ikitumiwa na wengi, kushuka kwa bei huamuru mauzo, mauzo huishusha bei zaidi, na bei iliyoshuka huamuru mauzo mengine. Ni Daraja la Milenia: kila mmoja akijihami asianguke, wote kwa pamoja wanalitikisa.

Wanahisabati walikwisha kutoa onyo. Benoit Mandelbrot, katika makala ya mwaka 1963 kuhusu bei ya pamba, alionyesha kwamba mabadiliko makubwa ya bei hutokea mara nyingi zaidi kuliko inavyodhaniwa na hesabu za kawaida za takwimu. Anayedhani mabadiliko ya bei hujigawa kama urefu wa watu hawezi kuitarajia Jumatatu kama ile.

5.3 Mipaka ya ulinganisho

Inafaa itahadhariwe hapa. Kufanana kwa hewa na soko hakumaanishi kwamba ni kitu kimoja. Tangu miaka ya 1980 wanauchumi wamezipima takwimu za bei kwa mbinu mbalimbali, ikiwemo ile ya William Brock, Davis Dechert na José Scheinkman ya mwaka 1987. Dalili za usomstari zimepatikana kwa wingi, ilhali ushahidi wa vurugu halisi yenye kanuni chache kama ile ya kidimbwi umebaki kuwa dhaifu. Takwimu za uchumi ni fupi, zina makosa, na kanuni zenyewe hubadilika sheria au teknolojia inapobadilika.

Tofauti nyingine ni ya kimsingi zaidi. Hewa haisikilizi utabiri. Mwanadamu husikiliza. Ikitangazwa kwamba kesho mvua itanyesha, wingu halibadili nia. Ikitangazwa kwamba kesho bei ya mahindi itapanda, wenye ghala watayaficha leo, na bei itapanda leo. Katika uchumi, kwa hiyo, neno lenyewe ni sehemu ya mfumo.

6.0 Istilahi na Lugha ya Utabiri

Hapo ndipo mada hii inapoingia katika taaluma ya lugha. Dhana ya mwenendo wa kidimbwi chenye kasi 4 mara nyingi huelekea kutafsiriwa kwa neno machafuko. Neno hili lina matatizo mawili. Nchini Kenya, baada ya matukio ya mwaka 2007 na 2008, machafuko humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye umwagaji damu. Aidha, maana yake ya kawaida ni kuvunjika kwa utaratibu, ilhali dhana inayokusudiwa ni kinyume: utaratibu upo tena ni mkali, ila hautabiriki. Mwanafunzi anayefundishwa kwa istilahi hiyo tupu atadhani kwamba sayansi imekiri kushindwa, au kwamba kila kitu ni nasibu.

Yamkini njia iliyo salama ni kutumia kifungu, mathalani vurugu yenye kanuni, na kuitenga wazi na nasibu. Vivyo hivyo, kiambishi -so- cha lahaja za pwani, kinachosikika katika mtu asojua au dawa isoponya, hutoa usomstari na isomstari kwa njia fupi inayopatana na sarufi. Njia panda haihitaji hata kuundwa. Tayari iko vinywani mwa watu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi ya namna hiyo haina budi kuendelezwa katika nyanja zilizostawi baadaye. Umuhimu wa nyanja hii ulidhihirika mwaka 2021, ambapo Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilitolewa kwa Syukuro Manabe, Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi kwa mchango wao katika kuielewa mifumo changamano.

Suala zito zaidi ni lugha ya utabiri. Kwa kuwa mfumo usomstari hautabiriki kwa uhakika, wataalamu hutoa utabiri wa misimu kwa uwezekano. Utabiri wa mvua za masika na vuli katika eneo la Afrika Mashariki hugawa uwezekano huo katika mafungu matatu: mvua ya kupita kiwango cha kawaida, ya kawaida, na ya chini ya kawaida. Ichukuliwe kwamba mafungu hayo yamepewa asilimia 45, 35 na 20. Mtangazaji akisema kwa Kiswahili kwamba mvua itakuwa kubwa, amegeuza 45 kuwa 100. Mkulima atapanda mbegu za mvua nyingi. Mvua isipozidi, mkulima atasema wataalamu ni waongo, na mwaka utakaofuata hatawasikiliza.

Hatari hiyo si ya kudhaniwa tu. Kabla ya vuli ya mwaka 2023 wananchi nchini Kenya walisikia kwanza kwamba mvua za El Niño zingekuja, kisha mwezi Oktoba wakasikia kwamba hazingekuja. Mwezi Novemba mafuriko yaliua watu na kuwahamisha wengi. Kauli zote mbili zilifika masikioni kama za hakika, moja ikiifuta nyingine, ilhali jambo lenyewe halikuwa la ndiyo au la.

Kiswahili hakikosi nyenzo za kulieleza. Itanyesha, yaelekea itanyesha, huenda ikanyesha na haielekei kunyesha si kauli sawa. Kila moja ina daraja lake la uhakika. Kinachokosekana ni makubaliano kuhusu madaraja hayo. Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi limeyafanya makubaliano hayo katika ripoti zake: kila neno la uwezekano limefungwa kwa kiwango cha asilimia, kwa mfano lile la kuelekea kutokea kwa asilimia 66 na zaidi, na la kuelekea sana kwa asilimia 90 na zaidi. Hakuna kinachowazuia wanaisimu, wataalamu wa hali ya hewa na watangazaji wa Kiswahili kuketi pamoja na kuafikiana kwamba yaelekea ianzie wapi na huenda iishie wapi.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba usomstari si kasoro ya maumbile wala ya soko, bali ni hali ya kawaida ya mifumo yenye mrejesho. Kidimbwi kimeonyesha kwamba kanuni ya mstari mmoja yaweza kushinda utabiri katika miaka kumi. Hewa imeonyesha kwamba ujuzi una upeo wake. Daraja na soko vimeonyesha kwamba watu wenye busara, kila mmoja kivyake, wanaweza kwa pamoja kuleta wasichokikusudia. Somo linalopatikana si kukata tamaa. Palipo na upeo wa utabiri, hekima ni kujenga stahamala: vifyonza mtikisiko kwenye daraja, akiba kwenye ghala, mbegu za aina zaidi ya moja shambani. Na kwa wenye taaluma ya lugha, hekima ni kulipa kila neno la utabiri uzito wake, pasipo kuongeza wala kupunguza.

Maswali ya Mjadala

1. Kwa kutumia kikokotoo, rudia hesabu ya kidimbwi ukianza na 0.2000 na 0.2001, k ikiwa 4. Tofauti itaonekana wazi mwaka wa ngapi? Kupunguza kosa la mwanzo mara kumi kumeongeza miaka mingapi ya utabiri?
2. Kusanya methali kumi zinazohusu chanzo na tokeo. Zitenge katika zile za kujumlisha na zile za kizingiti, kisha utoe sababu.
3. Jadili ufaafu wa istilahi machafuko, vurugu yenye kanuni na nasibu kwa kuzingatia vigezo vya uundaji wa istilahi.
4. Andika upya kwa Kiswahili cha redio utabiri wenye asilimia 45, 35 na 20, bila kutaja tarakimu yoyote na bila kumpotosha msikilizaji.